Kukamatwa, Dhamana na Utetezi wa Jinai Katika Jimbo la Illinois: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo familia zinazozungumza Kiswahili huko Chicago, Rockford, Moline na Champaign huuliza ndugu yao anapokamatwa, na yamepangwa kuanzia yale ya msingi hadi yale magumu zaidi. Majibu yanaeleza sheria kwa ujumla kama ilivyokuwa kufikia 2025. Kesi ya mtu mmoja mmoja ina mambo yake, na hayo ni kazi ya wakili wake.

## Mambo ya msingi

1. Je, ni kweli kwamba Illinois hakuna tena dhamana ya fedha?

Ni kweli. Tangu tarehe 18 Septemba 2023, hakuna jaji wa mahakama ya jimbo la Illinois anayeweza kumwambia mshtakiwa alipe kiasi fulani cha dola ndipo atoke rumande. Jaji ana njia mbili tu: ama amwachilie mshtakiwa asubiri kesi akiwa nje, kwa masharti au bila masharti mazito, ama amzuilie baada ya kusikiliza pande zote mbili. Illinois ndilo jimbo la kwanza Marekani kufuta dhamana ya fedha kabisa.

Wengine wamelielewa jambo hili vibaya kwa kudhani kwamba kila anayekamatwa ataachiliwa. Sivyo. Mtu ambaye zamani angetoka kwa sababu familia yake ina fedha, leo anaweza kuzuiliwa hata kama jamaa zake ni matajiri, ikiwa mwendesha mashtaka atathibitisha hatari iliyopo (tazama swali la 8 na la 9).

2. Mabadiliko haya yalianza lini, na kwa nini watu hutaja tarehe zinazotofautiana?

Sheria yenyewe, inayojulikana kama SAFE-T, ilitiwa saini na Gavana J.B. Pritzker tarehe 22 Februari 2021. Sehemu zake zilianza kutumika kwa nyakati tofauti, na ile ya kufuta dhamana ya fedha ilipangwa kuanza tarehe 1 Januari 2023. Waendesha mashtaka na masherifu wa kaunti nyingi waliipinga mahakamani, na siku chache kabla ya mwaka mpya jaji wa Kaunti ya Kankakee akaamua kwamba inakiuka katiba ya jimbo. Tarehe 31 Desemba 2022, Mahakama ya Juu ya Illinois ikasimamisha utekelezaji wake katika jimbo zima, ili kaunti moja isiwe na sheria yake na jirani yake nyingine.

Uamuzi wa mwisho ulitolewa tarehe 18 Julai 2023 katika kesi ya Rowe dhidi ya Raoul, kwa kura tano dhidi ya mbili. Mabishano yalihusu maneno ya katiba yanayosema kwamba watu wote wana haki ya kudhaminiwa kwa "wadhamini wa kutosha". Jaji Mkuu Mary Jane Theis aliandika kwamba maneno hayo hayailazimishi mahakama kudai fedha. Utekelezaji ukaanza miezi miwili baada ya hapo.

3. Zamani ilikuwaje?

Jaji alitaja kiasi, na mshtakiwa akaweka asilimia 10 kwa karani wa mahakama. Dhamana ikiwa dola 50,000, familia ilitafuta dola 5,000. Makampuni ya kuuza dhamana, yale yanayoonekana katika filamu za Marekani, yalipigwa marufuku Illinois tangu miaka ya 1960, kwa hiyo mzigo ulikuwa wa familia yenyewe, na katika jamii zetu ulimaanisha kupitisha mchango kanisani, msikitini na katika makundi ya WhatsApp usiku kucha.

Kulikuwa na matokeo mengine ambayo hayazungumzwi sana. Amana hiyo mara nyingi ndiyo iliyomlipa wakili binafsi kesi ilipokwisha, kwa kuwa mshtakiwa aliweza kumkabidhi wakili haki ya kuichukua. Njia hiyo imefungwa, na ndiyo maana mawakili wengi siku hizi hutaka ada yao mapema.

4. Nimepigiwa simu kwamba binamu yangu amekamatwa Chicago na nitume fedha za dhamana haraka. Nifanye nini?

Usitume. Kwa kesi ya jimbo la Illinois, hakuna dhamana ya fedha ya kutumwa, iwe kwa kadi za zawadi, kwa programu ya simu au kwa mtu anayejiita ofisa wa mahakama. Kata simu, kisha umtafute ndugu yako kupitia ofisi ya sherifu ya kaunti husika au ofisi ya karani wa mahakama. Dhamana ya fedha bado ipo katika kesi za uhamiaji na katika majimbo mengine (tazama swali la 17 na la 18), lakini hata huko hailipwi kwa kadi za zawadi.

## Saa za kwanza baada ya kukamatwa

5. Je, kila anayeshikwa na polisi hupelekwa jela, na hukaa muda gani kabla ya kumwona jaji?

Hapana. Kwa makosa madogo yaliyo chini ya daraja A (daraja zito zaidi la makosa madogo), pamoja na makosa mengi ya barabarani, polisi wanatakiwa kumpa mtu hati ya kuitwa mahakamani na kumwacha aende zake, isipokuwa kama ni tishio la wazi kwa wengine au kwake mwenyewe. Tarehe ya kufika mahakamani huwekwa ndani ya siku 21. Hati hiyo si karatasi ya kutupa, kwani asiyefika anaweza kutolewa hati ya kukamatwa.

Akipelekwa kituoni, ana haki ya kupiga simu zisizopungua tatu ndani ya saa tatu tangu afike, ili awasiliane na wakili na jamaa zake. Akiendelea kushikiliwa, afikishwe mbele ya jaji bila kuchelewa, ndani ya saa 48.

6. Wameniambia nitapewa wakili wa bure. Je, si ni mtu wa serikali?

Swali hili linatokana na lugha. Nchini Tanzania, "Wakili wa Serikali" ndiye anayeendesha mashtaka, kwa hiyo mtu akisikia kwamba wakili wake analipwa na serikali, moyo unaingia baridi. Huko Illinois, wakili wa umma analipwa na fedha za umma ili amtetee mshtakiwa asiye na uwezo, na anafungwa na wajibu uleule wa kutunza siri ya mteja kama wakili wa kulipwa. Katika kusikilizwa kwa mara ya kwanza huenda ndiye pekee aliyepo, na yeye huyajua mazoea ya majaji wa kaunti hiyo kuliko wakili anayetoka mbali. Mwambieni ukweli.

Mkalimani naye ni bure. Iambieni mahakama mapema kama mshtakiwa anazungumza Kiswahili cha Kongo, kwa sababu mkalimani aliyezoea Kiswahili cha Dar es Salaam anaweza kumpoteza mtu wa Bukavu au Lubumbashi pale hasa neno moja linapokuwa na uzito, na kinyume chake. Mtoto au jirani asitafsiri mahakamani.

7. Polisi wanaruhusiwa kumdanganya mtu wanapomhoji?

Mtu mzima, kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Wanaweza kumwambia kwamba rafiki yake ameshasema yote wakati rafiki huyo hajafungua mdomo. Kwa mwenye umri chini ya miaka 18, Illinois ilikuwa ya kwanza nchini humo kukataza: tangu tarehe 1 Januari 2022, kauli ya mtoto aliyehojiwa kizuizini kwa hila, kama vile kutajiwa ushahidi wa uongo au kuahidiwa upole usiokuwepo, huchukuliwa kuwa haikubaliki mahakamani mpaka upande wa mashtaka uonyeshe kwamba aliitoa kwa hiari.

Kwa mkubwa na mdogo, jibu la kutumia ni moja: taja jina lako, sema kwamba unataka wakili, kisha nyamaza. Adabu tuliyolelewa nayo, ya kumjibu mkubwa anapouliza, imewagharimu wengi katika chumba cha mahojiano.

## Ombi la kuzuiliwa

8. Ni makosa gani yanayoweza kumfanya mtu azuiliwe?

Aliyezoea sheria ya Tanzania huuliza, "Kosa hili lina dhamana?" kwa sababu kule yapo makosa, kama mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha, ambayo hayadhaminiki kwa namna yoyote. Illinois haina kosa linalomfungia mtu mlango moja kwa moja. Kila mshtakiwa huanza akiwa na haki ya kuachiliwa, hata wa mauaji, na ni juu ya mwendesha mashtaka kuwasilisha ombi la maandishi la kumzuilia. Hata hivyo, ombi hilo linawezekana tu kwa makosa yaliyotajwa na sheria: makosa makubwa ya kutumia nguvu, ya kingono, ya silaha, usafirishaji haramu wa watu, kumnyemelea na kumtishia mtu, na mengineyo.

Lipo moja linalowashangaza wengi. Kumpiga mke, mume au mtu wa nyumbani mwako, hata likishtakiwa kama kosa dogo, limo katika orodha hiyo. Wizi mdogo wa dukani haumo.

9. Mwendesha mashtaka anapaswa kuthibitisha nini?

Mambo matatu kwa pamoja, kwa ushahidi ulio wazi na wenye kusadikisha, kiwango kilicho chini ya kile cha kumtia mtu hatiani lakini kilicho juu ya tuhuma. Kwanza, kwamba yapo maonyesho ya nguvu kuwa mshtakiwa alitenda kosa linaloruhusu kuzuiliwa. Pili, kwamba ni tishio halisi kwa mtu fulani au kwa jamii, kwa kuzingatia mambo mahususi ya kesi hiyo, au kwamba ana nia ya kutoroka ili kukwepa kesi. Tatu, kwamba hakuna sharti lolote, wala mkusanyiko wa masharti, unaoweza kuidhibiti hatari hiyo. Likikosekana moja, ombi linaanguka.

Kwa vitendo, vita vingi hupiganwa kwenye jambo la tatu. Uzito wa kosa pekee hautoshi. Ni lazima jaji aeleze kwa maandishi kwa nini masharti mepesi zaidi hayafai. Ushahidi wenyewe hutolewa zaidi kwa maelezo ya mawakili kuhusu kile ambacho mashahidi wangesema, na kanuni za kawaida za ushahidi hazitumiki. Kabla ya kuanza, upande wa mashtaka unatakiwa kumpa wakili wa utetezi ripoti za polisi ulizo nazo na kauli za mshtakiwa unazotaka kuzitegemea.

10. Kama fedha hazihitajiki, familia ifanye nini usiku ule?

Kazi ya familia haijapungua, imebadilika. Juhudi zile mlizokuwa mkizitumia kuchangisha, zitumieni kukusanya taarifa, kwa maana kusikilizwa huko hufanyika siku ileile ya kufikishwa mahakamani, au ndani ya saa 24 au 48 kutegemea daraja la kosa, na mara nyingi wakili amekutana na mteja wake kwa dakika chache tu.

Mpelekeeni wakili anwani ambayo mshtakiwa anaweza kukaa, na jina la mwenye nyumba aliyekubali kumpokea. Katika kesi ya ugomvi wa nyumbani anwani hiyo ni lazima iwe nyingine, si ile anayoishi mlalamikaji. Familia nyingi hukwama hapa kwa kuwa kila mtu alidhani angerudi kwake. Leteni barua ya mwajiri au hata hati ya mshahara, orodha ya dawa anazotumia na jina la daktari, na maelezo ya watoto au wazee wanaomtegemea. Elezeni amekaa mjini hapo miaka mingapi na kama aliwahi kufika mahakamani bila kukosa hapo nyuma. Kama ana pasipoti na wakili anaona inafaa, kujitolea kuisalimisha hujibu hofu ya kutoroka kabla haijasemwa.

Nendeni mahakamani wenyewe. Jaji akiona safu ya watu waliokuja kumsimamia mtu, neno la wakili kwamba ana mizizi katika jamii linapata miguu. Lakini msizungumzie tukio lenyewe kwenye simu ya jela, kwa sababu simu hizo hurekodiwa.

11. Jaji ameamua azuiliwe. Je, ndio mwisho?

La. Kila anapofikishwa tena mahakamani, jaji anatakiwa kuangalia upya kama kuendelea kumzuilia bado ni lazima. Pia kesi yake isikilizwe ndani ya siku 90 tangu amri hiyo, ingawa muda wa maahirisho aliyoyaomba mshtakiwa hauhesabiwi, wala ule wa maahirisho aliyopewa mwendesha mashtaka kwa sababu nzuri. Wakili akisema "tumeomba kuahirisha", mwulizeni imeongeza siku ngapi.

Rufaa ipo, na kanuni yake ilibadilishwa tarehe 15 Aprili 2024. Sasa ni lazima kwanza kuwasilisha ombi la marekebisho kwa mahakama ileile iliyotoa amri, na hoja ambayo haikutajwa humo kwa kawaida huhesabiwa kuwa imeachwa. Mwanzoni Mahakama ya Rufani ilifurika maombi yaliyoandikwa kwa haraka, na hatua hii iliwekwa ili kuyachuja. Mwaka 2025, katika kesi ya People dhidi ya Morgan, Mahakama ya Juu iliamua kwamba pale ambapo hakuna shahidi aliyesimama kizimbani na yote yalikuwa maelezo ya mawakili, majaji wa rufaa hulitazama suala upya wenyewe bila kumwegemea jaji wa awali.

## Akiwa nje akisubiri kesi

12. Bangili ya mguuni, ile ya kielektroniki ya kufuatilia alipo mshtakiwa, huvaliwa mpaka lini?

Mahakama inapaswa kuchunguza kila baada ya siku 60 kama sharti jepesi zaidi lingetosha. Wakili akisahau, mkumbusheni. Anayefungiwa nyumbani kwa bangili ana haki ya kupewa nafasi ya kutoka, angalau katika siku mbili za wiki, kwa mahitaji ya msingi kama kununua chakula.

13. Akikosa tarehe ya mahakama au akivunja sharti?

Jaji anaweza kutoa wito au hati ya kukamatwa. Adhabu za kuvunja masharti ni onyo, faini isiyozidi dola 200, kifungo kisichozidi siku 30 katika jela ya kaunti, au masharti mapya. Ni lazima ithibitishwe kwamba alilijua sharti, alilivunja kwa makusudi, na sababu haikuwa kukosa fedha. Aliyeshindwa kufika kwa kukosa nauli ana utetezi, lakini apige simu kwa wakili siku hiyohiyo.

Kufutiwa kabisa haki ya kuwa nje ni jambo zito zaidi, nalo kwa kawaida hutokea pale anaposhtakiwa kwa kosa jipya kubwa au kosa dogo la daraja A wakati yuko nje kwa kosa la uzito huo.

14. Ni ugomvi wa ndoa. Wazee wamekaa, wamesuluhisha, na mke amesamehe. Kwa nini kesi haifutwi?

Kwa sababu kesi si ya mke. Ni ya jimbo la Illinois, na uamuzi wa kuifuta ni wa mwendesha mashtaka. Mke anaweza kumweleza matakwa yake, naye anaweza kuyakataa.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye usuluhishi wenyewe. Mshtakiwa wa kosa hili akiachiliwa, sheria humkataza kuwasiliana na mlalamikaji au kuingia nyumbani kwake kwa saa zisizopungua 72, na mara nyingi jaji huongeza muda huo mpaka kesi iishe, akikataza hata ujumbe unaopitia kwa mtu mwingine. Mshenga, mchungaji, shehe au mjomba anayebeba "salamu za pole" kutoka kwa mume anaweza kuwa ndiye anayemrudisha jela, na akimwomba mke asiende mahakamani, mjomba mwenyewe anajiweka katika hatari ya kushtakiwa. Mke akipiga simu mwenyewe, mume bado anavunja amri kwa kuipokea. Kinachowezekana ni wakili kumwomba jaji abadilishe sharti, na hilo huruhusiwa mara nyingi mke anapoeleza mwenyewe kwamba anataka mawasiliano.

## Mabadiliko mengine

15. Bangi ni halali. Je, polisi wanaweza kupekua gari kwa harufu tu?

Inategemea harufu, na jibu hili hata mawakili hulitoa wakitabasamu. Bangi iliruhusiwa kwa watu wazima tangu tarehe 1 Januari 2020. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Illinois ilitoa maamuzi mawili: katika kesi ya Redmond, harufu ya bangi iliyochomwa peke yake haitoshi kuwa sababu ya kupekua, katika kesi ya Molina, harufu ya bangi mbichi inatosha, kwa kuwa sheria inataka bangi iliyo ndani ya gari ifungwe katika chombo kisichopitisha harufu. Asiye raia asome pia swali lifuatalo.

## Wasio raia, na mipaka ya sheria hii

16. Nina kadi ya kijani. Wakili anasema nikikubali kosa nitapewa uangalizi wa mahakama na halitahesabiwa kuwa hatia. Nikubali?

Usikubali kabla hujauliza juu ya uhamiaji. Kwa sheria ya jimbo, anayemaliza uangalizi wa mahakama salama hahesabiwi kuwa ametiwa hatiani. Kwa sheria ya uhamiaji, ambayo ni ya shirikisho (serikali kuu ya Marekani), kukiri kosa mbele ya jaji na kuwekewa adhabu au kizuizi chochote kunatosha kuwa hatia. Mtu anaweza kutoka mahakamani akifurahi, kisha akakwama uwanja wa ndege miaka mitatu baadaye akirudi kutoka msibani Nairobi.

Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky mwaka 2010, wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia madhara ya uhamiaji kabla hajakiri. Sheria ya Illinois nayo inamtaka jaji atoe onyo. Onyo la jaji ni la jumla. La wakili liwe mahususi. Kuhusu bangi, hali ni hiyohiyo: ni halali kwa jimbo, ni kosa kwa shirikisho, na kukiri kuitumia, au hata kufanya kazi katika duka lake, kunaweza kuharibu ombi la uraia.

17. Mahakama imemwachilia, je, uhamiaji wanaweza kumchukua?

Sheria ya jimbo ya mwaka 2017 inakataza polisi na masherifu wa Illinois kumshikilia mtu kwa ombi la uhamiaji pekee. Haiwazuii maofisa wa shirikisho kumkamata wenyewe nje.

Zaidi ya hayo, sheria ya shirikisho ya Laken Riley, iliyotiwa saini Januari 2025, inalazimisha kuzuiliwa kwa baadhi ya wasio raia waliokamatwa tu au kushtakiwa kwa wizi, ukiwemo wa dukani, au kwa kumshambulia askari, kabla ya kutiwa hatiani. Inawalenga hasa walioingia bila kuruhusiwa mpakani au bila hati halali, kwa hiyo mkimbizi aliyepokelewa rasmi na anayeomba hifadhi baada ya kuvuka mpaka hawako katika hali moja. Hivyo kosa ambalo jimbo linalitolea hati ya kufika mahakamani tu linaweza kumfunga mtu kwa mlango mwingine. Pale ambapo jaji wa uhamiaji ana mamlaka ya kutoa dhamana, ni ya fedha, na haianzi chini ya dola 1,500.

18. Ndugu yetu anaishi Moline lakini amekamatwa Davenport.

Basi amevuka mto Mississippi na kuingia Iowa, ambako dhamana ya fedha bado ipo, na majibu ya swali la 1 hadi la 14 hayamhusu. Ndivyo ilivyo pia Indiana, Wisconsin na Missouri. Kesi za mahakama za shirikisho, hata zikisikilizwa katikati ya Chicago, zina sheria yao ya kuzuilia watu. Swali la kwanza kumwuliza aliyepiga simu ni mahakama gani, na katika kaunti gani.

19. Tuliweka amana kabla ya Septemba 2023 na kesi haijaisha. Fedha zetu ziko wapi?

Ziko kwa karani wa mahakama, na hubaki huko mpaka kesi iishe. Zikirudishwa, hukatwa ada ya karani, na huenda zikatumika kwanza kulipa faini, fidia au wakili aliyekabidhiwa. Tunzeni risiti yenye jina la aliyelipa.